Kardinali Lavigerie na Soko la Watumwa

Katika mafundisho ya dini liko neno moja ambalo mkatekumeni hulisikia tangu juma la kwanza, nalo ni neno kukomboa. Yezu Kristu huitwa Mkombozi. Watoto hulikariri neno hilo upesi, kama wanavyokariri majina ya siku. Lakini mababu wa nchi hizi, tangu vilima vya Lubero hata msitu wa Ituri, hawakulijua neno hilo kwa kulisoma darasani. Kwao kukomboa kulikuwa kutoa mali: kuleta pembe ya ndovu mbele ya mtu mwenye bunduki, ili mke au mtoto aliyetekwa afunguliwe kamba na kurudi nyumbani. Asiyekuwa na pembe hakumwona mtoto wake tena.

Katika siku zile, ng'ambo ya jangwa na ng'ambo ya bahari, aliishi mtu aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kutafuta jibu la swali hili: watu wakiisha kutiwa bei kama mbuzi, watakombolewa kwa njia gani? Mtu huyo ni Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe. Hakuliona Ziwa Tanganika kwa macho yake hata siku moja. Hata hivyo habari zake zahusu sana watu wa nchi hizi, nayo makosa yaliyochanganyika na kazi yake yanafundisha kama yanavyofundisha matendo yake mema.

UTOTO NA UJANA WAKE

Charles Lavigerie alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1825, karibu na mji wa Bayonne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mtumishi wa forodha, yaani mahali serikali inapotoza ushuru wa mali ziingiazo na zitokazo. Wazazi wake hawakuwa watu wa kusali sana. Waliomfundisha sala zake za kwanza walikuwa watumishi wawili wa nyumbani, Jeanne na Marianne. Hivyo aliyekuja kuwa mkuu katika Kanisa alipokea imani kwa midomo ya wanawake wa kazi, ambao majina ya ukoo wao ni wachache wanaoyajua.

Alipewa upadri mwaka wa 1849, akawa mwalimu wa historia ya Kanisa katika chuo kikuu cha Paris. Mwaka 1860 Wakristu maelfu waliuawa katika nchi za Lebanoni na Siria. Padri Lavigerie alitumwa kuwapelekea waliosalia sadaka za Wakristu wa Ulaya. Katika mji wa Damasko alikutana na Emir Abd el-Kader, Mwislamu mwenye cheo, ambaye wakati wa mauaji aliwaficha Wakristu wengi na kuwalinda kwa watu wake mwenyewe. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa maana litarudi mbele katika habari hizi.

Mwaka 1863 alifanywa Askofu wa Nancy, na mwaka 1867 akahamia Alger, mji mkuu wa Algeria, kuwa Askofu Mkuu. Mara alipofika, nchi ilipatwa na njaa na ugonjwa wa kipindupindu. Wazazi walikufa njiani, watoto wao wakabaki wamekaa kando ya maiti. Lavigerie aliwakusanya yatima zaidi ya elfu moja, akawalisha na kuwasomesha. Gharama ilikuwa kubwa kupita uwezo wake, naye akaandika barua huku na huku kuomba msaada. Ndipo alipojifunza kazi aliyoifanya hata kufa kwake: kuwaombea wasio na sauti mbele ya wenye mali.

MAPADRI WEUPE

Mwaka 1868 alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, na mwaka uliofuata shirika la masista. Amri aliyowapa ilikuwa ngumu kwa watu wa Ulaya: waseme lugha ya watu wa nchi, wale chakula chao, wavae mavazi kama yao. Kwa sababu hiyo walivaa kanzu nyeupe ya Waarabu wa Algeria, na rozari shingoni. Wengi hudhani waliitwa Mapadri Weupe kwa ajili ya ngozi yao. Sivyo: jina hilo lilitokana na kanzu.

Shauku ya Lavigerie ilikuwa kuvuka jangwa la Sahara. Mwaka 1876 aliwatuma mapadri watatu kuelekea Timbuktu, nao wakauawa njiani. Mwaka 1878 Baba Mtakatifu Leo XIII alilikabidhi shirika lake nchi za maziwa makuu. Mwezi wa Aprili wa mwaka huo wamisionari 10 walipanda meli mjini Marseille, wakafika Bagamoyo, wakaanza safari ya miguu. Mmoja alikufa njiani kabla ya kufika Tabora. Hapo Tabora waligawanyika: kundi moja likashika njia ya Uganda, na jingine likafika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganika, mwezi wa Januari 1879.

Lavigerie aliwaagiza waandike kila siku, katika daftari la misioni, mambo waliyoyaona na kuyasikia. Kwa daftari hizo na kwa barua zao, Askofu aliyekaa Alger alianza kujua mambo ya soko ambalo mwenyewe hakulikanyaga.

JINSI BIASHARA ILIVYOKWENDA

Ni vema kueleza biashara ile ilivyokuwa, maana wengi hudhani ilikuwa kazi ya majambazi wachache tu. Kwa kweli ilikuwa kama kamba ndefu yenye nyuzi nyingi, na kila aliyeishika mahali pake alijiona hana hatia.

Mwanzo wa kamba hiyo ulikuwa mbali sana na msitu. Katika nyumba za matajiri wa Ulaya na Marekani walitaka pembe za ndovu. Walitengeneza kwazo vitana, mipini ya visu, mipira ya mchezo wa biliadi, na vibao vya piano. Bei ya pembe ikapanda mwaka hata mwaka. Ndovu wa karibu na pwani walipopungua, misafara ikaingia ndani zaidi: kwanza Tabora, kisha Ujiji, kisha ng'ambo ya ziwa hata Manyema, Nyangwe na Kasongo, na mwisho msitu wa Ituri.

Mwenye msafara kwa kawaida hakuwa na mali yake mwenyewe. Alikopa Unguja kwa matajiri wa Kihindi. Alipewa nguo za merikani zilizofumwa Marekani, shanga za Venezia, nyaya za shaba, bunduki na baruti za Ulaya, kwa ahadi ya kulipa pembe na faida juu yake atakaporudi. Pembe zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni karibu kilo 16. Msafara ulikaa barani miaka miwili, mitatu, hata zaidi, na wakati huo wote deni lilikuwa likimngoja mwenyewe pwani. Hivyo mtu aliyeingia msituni akiwa na bunduki alikuwa yeye mwenyewe amefungwa na deni, naye alitafuta kulilipa kwa njia iliyo rahisi.

Njia iliyokuwa rahisi ilikuwa kuwateka watu. Katika Manyema na Ituri watu wa misafara walikizingira kijiji alfajiri, wakawakamata wanawake na watoto, kisha wakangoja. Wanaume waliokimbilia porini walirudi na pembe ili kuwakomboa jamaa zao. Pembe zilipokwisha, mateka wasiokombolewa walibaki mali ya mtekaji. Wengine walilimishwa mashamba yaliyolisha misafara, wengine walibebeshwa mizigo, vijana wengine walipewa bunduki wakawateka wenzao. Wengine walitiwa kongwa shingoni wakapelekwa mbali. Wapagazi huru walikuwako pia, hasa Wanyamwezi, waliochukua mizigo kwa mshahara. Kwa hiyo si kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa. Lakini palipokosekana mshahara palitumika kongwa.

Uzi mwingine wa kamba ile ulikuwa mashamba. Kisiwani Unguja na Pemba walipanda mikarafuu, na karafuu huchumwa kwa mikono mingi. Mashamba ya nafaka ya pwani, na nchi za Arabuni ng'ambo ya bahari, zilitaka watu vilevile. Katika miaka ya 1860 wanahistoria wanakisia kwamba watumwa kati ya 15,000 na 20,000 walifikishwa Unguja kila mwaka. Mjini walipangwa safu, wakapakwa mafuta ili wang'ae, wakatazamwa meno na mikono, na dalali akapaza sauti ya bei. Wafalme na watemi wa bara nao hawakukosa sehemu yao. Baadhi yao waliwauza mateka wa vita, wenye deni na yatima, ili wapate nguo na baruti.

Tarehe 15 Julai 1871 mganga na msafiri David Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, siku ya soko. Wanawake walikuwa wamekuja kwa mamia na samaki na vyungu vyao. Watu wa misafara waliwapiga bunduki katikati ya soko, na wengi wakazama mtoni wakikimbia. Habari hiyo iliposomwa Ulaya iliwashtusha watu. Waingereza wakamkaza Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, na mwezi wa Juni 1873 akalifunga soko la watumwa la mji wake. Mahali pale palijengwa kanisa la Waanglikana, nalo lingaliko.

Lakini soko lilifungwa, na misafara haikukoma. Kwa nini? Kwa sababu mnada ulikuwa umeondolewa, ila wanunuzi hawakuondolewa. Karafuu bado zilichumwa na watumwa, na piano bado zilitaka pembe. Kule Unguja serikali haikuuondoa utumwa katika sheria zake mpaka mwaka 1897.

WATOTO WALIOKOMBOLEWA

Wamisionari waliofika Ujiji waliyakuta mambo hayo mlangoni mwao. Watoto waliokonda walipitishwa wakiuzwa kwa nguo kidogo, kwa sababu walikuwa wagonjwa na mwenyewe aliogopa kupata hasara. Mapadri waliwanunua wale walioweza, wakawaponya, wakawalea katika misioni. Hivyo ndivyo vilivyoanza vijiji vya kwanza vya Wakristu kando ya ziwa. Watu walimwagika damu kwa ajili hiyo. Tarehe 4 Mei 1881, kule Rumonge, mapadri wawili na msaidizi wao mlei waliuawa katika ugomvi uliohusu mtoto waliyekuwa wamemkomboa.

Mmoja wa waliokombolewa ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu yapata mwaka 1866. Watu wa jangwani walimteka akiwa mtoto mdogo, wakamvusha Sahara na kumwuza. Mapadri Weupe walimkomboa katika Algeria. Lavigerie alimpeleka kisiwa cha Malta pamoja na vijana wengine Waafrika kusomea uganga, kwa maana alitaka Waafrika wenyewe wawe waganga na walimu wa dini kwa ndugu zao. Atiman alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganika, mwaka 1889. Aliwaponya wagonjwa na kuwafundisha dini miaka zaidi ya 60, akafa huko huko mwaka 1956. Mtoto wake mmoja akawa padri. Mtu aliyekuwa ameuzwa kama mzigo aliwatumikia maelfu, wala hakuna awezaye kuitaja bei yake.

Hata hivyo palikuwa na fumbo zito. Kila mtoto aliyekombolewa aliokoka kweli. Lakini nguo iliyotolewa kwa ajili yake iliingia mikononi mwa mwuzaji, naye aliweza kununua baruti kwa nguo ile ile na kurudi msituni. Muuzaji hamtazami mnunuzi kama ana huruma au kama ana tamaa. Yeye huangalia mali tu. Basi je, mkombozi apite na kumwacha mtoto afe? Au amkomboe, na kwa kumkomboa alifanye soko lipate mnunuzi mmoja zaidi? Mwenye moyo hawezi kupita. Lakini mwenye akili aona kwamba kamba haiwezi kukatwa kwa kuwatoa watu mmoja mmoja mwishoni mwake. Lavigerie aliona kwamba kukomboa mmoja mmoja hakutoshi. Ilimpasa kwenda kwenye mwanzo wa kamba.

SAUTI YAKE KATIKA ULAYA

Mwaka 1882 Lavigerie alikuwa amefanywa Kardinali. Mwezi wa Mei 1888 serikali ya Brazili iliwaacha huru watumwa wote wa nchi ile, na Baba Mtakatifu Leo XIII akawaandikia maaskofu wa Brazili barua ya kuulaani utumwa. Katika mwezi huo huo, tarehe 24, Kardinali Lavigerie aliingia kwa Baba Mtakatifu pamoja na mapadri na Wakristu Waafrika, ambao baadhi yao walikuwa wameuzwa zamani. Baba Mtakatifu akamtuma aende akawaamshe watu wa Ulaya.

Kardinali alikuwa na miaka 62, na afya yake ilikuwa imeharibika. Tarehe 1 Julai alihubiri Paris katika kanisa la Saint-Sulpice. Tarehe 31 Julai alisema London mbele ya watu wa madhehebu mbalimbali. Tarehe 15 Agosti alihubiri Bruxelles. Hakuhubiri kwa mafumbo. Aliwasimulia waliyoyaandika mapadri wake katika daftari zao: njia za misafara zilizojulikana kwa mifupa, akina mama waliolazimishwa kuchagua kati ya kubeba mtoto na kubeba pembe, vijiji vilivyobaki majivu. Vyama vya kupinga utumwa vikaanzishwa katika Ufaransa, Ubelgiji, Ujerumani na Italia. Baba Mtakatifu alitoa faranga 300,000 kwa kazi hiyo, na mwaka 1890 akaagiza mchango wa kila mwaka makanisani, siku ya Epifania, kwa ajili ya kuukomesha utumwa Afrika.

Siku zile zile watu wa Kongo walikuwa wakiteswa vikali. Mwaka 1887 msafiri Henry Stanley alipopita msitu wa Ituri aliwakuta wawindaji wa pembe kutoka Manyema wamekwisha weka vituo, na vijiji vingi vimekimbiwa na watu wake. Mwaka huo huo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa amemfanya Tippu Tip, mfanya biashara mkuu wa pembe na watumwa, kuwa liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya sasa. Aliyewauza watu alilipwa mshahara ili awazuie wengine wasiwauze.

MKUTANO WA BRUXELLES NA YALIYOFUATA

Sauti ya Kardinali ilisaidia kuyakusanya mataifa mjini Bruxelles, tangu Novemba 1889 hata tarehe 2 Julai 1890. Katika mkutano ule walipatana kuzuia misafara ya watumwa kwa nchi kavu na kwa bahari, na kupunguza bunduki, baruti na pombe kali zilizoingizwa Afrika. Hilo lilikuwa jambo la maana: kwa mara ya kwanza wakubwa wa Ulaya walikiri mbele ya wote kwamba bunduki zilizouzwa nao zilikuwa uzi mmoja wa kamba ile.

Lakini tamaa nayo ilikuwa imeketi katika mkutano ule. Mfalme Leopold aliomba ruhusa ya kutoza ushuru wa mali ziingiazo Kongo, akisema apate fedha za kupigana na utumwa, naye akaruhusiwa. Tangu mwaka 1892 hata 1894 askari wake walipigana na Waarabu na Waungwana wa Manyema, wakaiteka Nyangwe na Kasongo. Misafara ya zamani ikavunjika. Walakini serikali ile ile ilikuwa imekwisha jitwalia pembe na mpira wa misitu yote. Watu waliambiwa wako huru, kisha wakaamriwa kuleta mpira bila mshahara wa haki. Tena askari waliwashika wanawake wa kijiji na kuwafungia mpaka waume zao walete mpira wa kutosha. Mzee aliyekuwa amemkomboa mkewe kwa pembe alijikuta anamkomboa mara ya pili kwa mpira. Bendera ilikuwa mpya, lakini kamba ilikuwa ile ile. Mateso hayo yalijulikana duniani, na mwaka 1908 mfalme alinyang'anywa Kongo, ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji.

Lavigerie hakuyaona hayo, ila hakuwa bila kosa. Aliamini mno nguvu ya silaha, hata akaanzisha kundi la mabruda wenye bunduki katika Sahara, ambalo halikudumu. Aliwaamini mno wakubwa wa Ulaya, na nchi yake Ufaransa aliipenda hata akatamani bendera yake iende pamoja na msalaba. Katika hotuba zake lawama iliwaangukia hasa Waislamu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amemwona Abd el-Kader akiwalinda Wakristu, na ingawa meli za Wakristu wa Ulaya zilikuwa zimewapakia Waafrika zaidi ya 12,000,000 kwenda Amerika katika karne zilizotangulia. Utumwa hauna dini yake. Mwenye tamaa wa kila dini aliushika.

KIFO CHAKE

Kardinali Lavigerie alikufa Alger tarehe 26 Novemba 1892, akiwa na miaka 67. Kando ya Ziwa Tanganika kazi iliendelea. Kapiteni Joubert, mlei aliyetumwa kuwalinda watu dhidi ya watekaji, alibaki Mpala na Mrumbi, akaoa huko, akazeeka kati ya watu aliowalinda, akafa mwaka 1927 bila kurudi kukaa Ulaya. Atiman aliendelea kuponya. Watoto waliokombolewa walizaa watoto, na wajukuu wao hawajui kongwa ni kitu gani.

Hata lugha ya Kiswahili ilifika Kongo kwa njia ile ile ya misafara. Ilisemwa kwanza na wenye bunduki na wapagazi; dalali aliitumia kutaja bei. Leo Baba Yetu husaliwa kwa lugha hiyo hiyo. Lugha haina kosa. Iliteswa kama watu walivyoteswa, kisha nayo ikakombolewa.

FUNZO KWA MKATEKUMENI

Watu wa Butembo na Beni wajua biashara. Wajua kupima maharagwe na kahawa, wajua kupatana bei na kulipa deni. Biashara si dhambi. Mkulima huuza viazi vyake akanunua chumvi, na wote wawili hufaidika. Dhambi huanza pale mtu mwenyewe anapowekwa juu ya mizani. Nayo huanza polepole: mtoto wa yatima anapolimishwa kwa jirani bila shule wala ujira; msichana anapotolewa ili deni la baba yake lifutwe; mtu anaponunua mali kwa bei ya chini ajabu na kukataa kuuliza imetoka wapi. Hata katika miaka iliyo karibu, tangu 2014, watu wengi wa upande wa Beni wametekwa mashambani mwao na kubebeshwa mizigo msituni. Kamba ile haijaoza yote.

Kwa hiyo anayejitayarisha kwa ubatizo asiseme kwamba habari za utumwa ni za kale. Ajiulize ameshika uzi upi. Hatia ya biashara ile haikuwa ya mtekaji peke yake. Neno hilo lamhusu kila mnunuzi mahali popote.

Wakristu husadiki kwamba Yezu aliwakomboa watu wote, wala hakumlipa mwuzaji yeyote fedha, alijitoa mwenyewe. Ndiyo sababu aliyekombolewa naye hana bei tena, hata kama ni maskini, hata kama ni mtoto, hata kama ni mgeni asiye na ukoo wa kumtetea. Neno kukomboa, ambalo mababu walilijifunza kwa machozi, mkatekumeni na alitamke kwa heshima.

MASWALI

1. Kwa nini misafara ya watumwa haikukoma soko la Unguja lilipofungwa mwaka 1873?

2. Kulikuwa na fumbo gani katika kuwanunua watoto ili kuwaokoa? Wewe ungefanya nini?

3. Serikali ya Leopold II ilisema inaupinga utumwa. Ni matendo gani yaliyoonyesha kwamba tamaa ilikuwa haijaondoka?

4. Katika kijiji chako, ni nani aliye hatarini kutendewa kama mtu mwenye bei? Jumuiya ya Wakristu yaweza kumfanyia nini?